Kiongozi na Hasira Kazini: Funzo la Gerezani

Gerezani ni mtaa wa watu wa kazi. Umelala ubavuni mwa Kariakoo, kati ya soko na reli, na jina lake lenyewe latukumbusha gereza. Jirani yake, Kariakoo, naye alipata jina kutokana na vita: Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916 waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, kile kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na vinywa vya wenyeji vikalitengeneza jina hilo hata likawa la Kiswahili. Kwa hiyo sisi tuliokulia na kufanya kazi katika mitaa hiyo tumekuwa tukitamka kila siku, bila ya kufikiri, majina mawili ya amri na mizigo. Leo mgeni ashukaye Gerezani katika kituo cha mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, huona maduka ya vipuri, magorofa mapya na msongamano wa mikokoteni. Lakini ukisikiliza vizuri utasikia bado mlio wa nyundo juu ya chuma. Mlio huo ndio uliokuwa saa yangu ya kuamkia kwa miaka mingi.

Katika insha hii nataka kueleza jambo moja ambalo vitabu vya uongozi hulitaja kwa haraka, nalo ni hasira ya kiongozi na huzuni ya anayeongozwa. Nitalieleza kwa kisa changu mwenyewe, kwa sababu mtu akitaka kufundisha juu ya makosa ni heri aanze na yake.

Mwaka 1981 nilikuwa msimamizi wa karakana moja ya kutengeneza mitambo, upande wa Gerezani uelekeao bandarini. Tulikuwa watu kama thelathini: wakerezaji, wachomeaji vyuma, vijana wanagenzi, mchapaji mmoja wa kike ofisini, na mzee mmoja mtunza bohari. Mimi nilikuwa sijatimiza miaka thelathini na mitatu. Nilikuwa nimepanda haraka, na mtu aliyepanda haraka aghalabu huogopa kutazama chini.

Wakati ule nchi ilikuwa katika dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kutuachia gharama kubwa. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na vipuri havikupatikana. Mtambo ukivunjika, haukuagiziwa kipuri kipya bali uliletwa kwetu, nasi tukauunga kama mganga aungavyo mfupa. Wafanyakazi walifika kazini wakiwa wamechoka kabla ya kazi kuanza, maana wengine walikuwa wamesimama kwenye foleni ya unga au sabuni tangu alfajiri, kisha wakasimama tena wakingoja basi. Kila mmoja alikuja na jambo lake moyoni. Mimi nilihesabu saa walizochelewa, nisihesabu mengine.

Siku moja ya Jumatatu tuliletewa mashine ya kusagia mahindi ya shule moja ya bweni iliyokuwa mkoani. Kiungo chake kikuu kilikuwa kimepasuka, nacho kilikuwa cha kile chuma kigumu chenye kuvunjika kama chungu, ambacho si kila mchomeaji awezaye kukiunga. Katika karakana yetu alikuwako fundi mmoja tu mwenye mkono huo. Tulikuwa na umri ulio karibu, na kwa kuwa nilimzidi kidogo alikuwa akiniita kaka. Asubuhi hiyo hiyo alinijia na telegramu mkononi. Ilitoka Kilosa, nayo ilisema kwamba mama yake alikuwa mgonjwa sana. Aliomba ruhusa apande treni ya jioni.

Nilimtazama yeye, nikaitazama mashine. Katika miaka ile telegramu za namna hiyo zilikuwa nyingi, na baadhi yake zilikuwa hila za kupata likizo. Tena watoto wa shule walikuwa wakingoja unga. Nikamwambia asubiri hadi Ijumaa, mashine itoke kwanza, kisha atakwenda na siku tatu nitamwongezea. Akasema, “Sawa, kaka.” Sikumwuliza mama ana nini, wala nani yuko naye. Jumatano ilikuja telegramu ya pili. Mama alikuwa amefariki Jumatatu usiku na kuzikwa Jumanne.

Nilimpa pole. Nakumbuka kwamba nilimpa pole nikiwa nimesimama, kalamu ikiwa mkononi, kisha nikarudi kwenye hesabu zangu. Naye, kwa kuwa maziko yalikwisha kupita, akakaa akaimaliza mashine. Ijumaa ilitoka ikiwa nzima, na mimi nikasifiwa na wakubwa wangu kwa kutimiza ahadi.

Wiki mbili baadaye fundi yule aliunga ekseli ya trela na kiungo kikaachia kabla hata haijafungwa mahali pake. Nilipandwa na hasira. Nilimwendea mbele ya wanagenzi wake, nikapaza sauti karakana nzima isikie, nikamwuliza akili yake ameiacha wapi. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Yule bwana akaweka nyundo chini, polepole, kama mtu awekaye kikombe asitake kimwagike. Akasema, “Nimeiacha Kilosa, Bwana Msimamizi, penye kaburi la mama yangu, ambako hukuniruhusu kufika.” Kisha akavua ovaroli, akaitundika, akatoka.

Wahenga wamesema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa ulimi, na badala ya kuinama nitazame jeraha nikaendelea kukimbia. Niliingia ofisini nikamwamuru mchapaji apige barua ya kumshitaki fundi kwa utovu wa nidhamu na kuacha kazi bila ya ruhusa, ili ipelekwe kwenye kamati ya wafanyakazi na baadaye aachishwe kazi. Alipiga barua bila ya kuinua macho. Nikatia saini, nikaichukua mwenyewe kumpelekea mzee wa bohari, kwa kuwa yeye alikuwa mjumbe wa kamati ile.

Hapa yanipasa kumweleza msomaji jambo la ukoo. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na mzee yule alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, pale wapagazi kutoka bara walipoteremka pwani na mizigo ya pembe, wakapita katika nchi yetu, wakalala, wakafa wengine na kuzikwa na wenyeji. Katika utani mtu aweza kumwambia mtani wake neno ambalo ndugu wa tumbo moja hathubutu kulitamka, na mwenye kuambiwa haruhusiwi kukasirika.

Mzee aliisoma barua mara mbili. Kisha akacheka. “Ninyi Wazaramo,” akasema, “mizigo hamkuiweza tangu zamani. Babu zangu walibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani, miezi na miezi. Wewe wanishangaza: huwezi kubeba neno moja hadi kesho asubuhi?” Akaikunja barua, akaitia katika kabati la vipuri, akafunga kwa ufunguo. “Imekwisha kuingia bohari,” akasema. “Hakitoki kitu humu bila ya saini yangu, na leo kalamu yangu haina wino.”

Nilitaka kufoka, lakini mtu hafoki mbele ya mtani. Nikaondoka. Usiku ule sikulala vizuri, na kulipopambazuka nilikuwa nimeanza kuona haya.

Asubuhi nilimwuliza mchapaji kama alijua kwamba fundi alikuwa na hali ile. Akanijibu kwa heshima kwamba telegramu zote mbili zilipita mezani kwake. Akaongeza kwamba fundi alikuwa mwana wa pekee wa mama yake. Kwamba tangu habari zile zifike alikuwa hali chakula cha mchana bali hukaa nyuma ya karakana peke yake. Na kwamba karibu kila mtu alilijua hilo. Nikamwuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. “Ulikuwa umekasirika, Bwana Msimamizi,” akasema. “Tangu mwaka jana umekasirika. Nani angethubutu?”

Nimesoma mengi juu ya uongozi tangu siku ile, na sijakutana na funzo kubwa kuliko maneno ya binti yule. Tumezoea kusema kwamba hasira ni mbaya kwa sababu huwaumiza wengine, na hiyo ni kweli. Lakini kwa kiongozi kuna hasara nyingine: hasira humtia upofu. Habari zote zilizomhusu fundi zilikuwamo ndani ya karakana. Watu thelathini walizijua. Ni mimi peke yangu niliyekuwa sizijui, na ndimi niliyekuwa na madaraka ya kuamua. Kiongozi aogopwaye huongoza gizani, maana kila anayemkaribia huja amezima taa yake.

Jioni mzee wa bohari alinipeleka Buguruni nyumbani kwa fundi. Nilikuwa nimetaka kumwita ofisini, mzee alikataa. Alisema ofisini kuna meza, na meza itanitetea mimi. Akaingia yeye kwanza kama mshenga aingiavyo penye posa, nami nikangoja barazani na mfuko wangu wa sukari, kitu kilichokuwa adimu wakati ule. Nilipokaribishwa nikakaa mkekani. Kwa muda mrefu hatukuzungumza habari za kazi. Mzee aliuliza habari za marehemu, alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini. Na fundi, ambaye kwa wiki mbili hakuwa ameulizwa na mkubwa wake yeyote, akaeleza. Baadaye nikasema niliyokwenda kuyasema: kwamba nilikosa mara tatu, pale nilipomnyima ruhusa bila ya kumwuliza, pale nilipompa pole nikiwa nimesimama, na pale nilipomfokea mbele ya vijana wake.

Akanyamaza kidogo. “Nimesikia,” akasema. “Lakini mama hatazikwa mara ya pili.”

Alirudi kazini baada ya siku tatu. Asubuhi hiyo nilirudia maneno yangu mbele ya karakana nzima, kwa kuwa niliona kosa lililofanywa hadharani haliwezi kutubiwa faraghani. Mzee akaitoa barua bohari, akanipa, nikaichana. Tulifanya kazi pamoja na fundi yule miaka mingi baadaye, na hakuna siku aliyonivunjia heshima. Ila hakuniita kaka tena. Aliniita Bwana Msimamizi mpaka siku alipostaafu. Natoa habari hii ili kijana asomaye asidhani kwamba suluhu hurudisha kila kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Suluhu huzuia tu maji mengine yasimwagike.

Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo: je, mzee yule alijua nini ambacho mimi, niliyekwenda mafunzo ya uongozi, sikukijua? Naona alijua mambo matatu, na yote matatu aliyachukua katika utamaduni wetu.

La kwanza ni thamani ya muda. Katika desturi zetu nyingi shauri zito halikatwi papo hapo. Wazee husikiliza, wakaahirisha, wakaenda kulala, wakarudi. Wageni waliowahi kutuandika walidhani kwamba huo ni uzembe, kumbe ni elimu. Mtu mwenye hasira na mtu yule yule baada ya usingizi ni watu wawili, na ni huyu wa pili anayefaa kutia saini.

La pili ni utani. Wanafunzi wa siku hizi wanapolisikia neno hilo huwaza kwanza juu ya Simba na Yanga, ambao huitwa watani wa jadi, na kwa hakika shangwe na kejeli za mashabiki wao mitaani Kariakoo ni tawi la mti ule ule. Lakini shina lake ni refu zaidi. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya kumi na tisa, leo ni watani: mahali palipokuwa na mikuki pakawekwa mzaha. Penye msiba mtani hufika kufanya kazi, huku akiigiza, akikejeli na kudai alipwe kitu kidogo, hata waliofiwa hujikuta wanacheka machozi yakiwa bado machoni. Walioanzisha desturi hiyo walitambua kwamba huzuni na hasira zahitaji mlango wa kutokea, na wakaujenga mlango huo mapema kabla nyumba haijashika moto. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilileta watu wa makabila mengi katika mitaa kama Gerezani, nao walikuja na utani wao. Katika karakana, kwenye mabehewa na gatini, watu waliokutana wakiwa wageni waliweza kuambiana ukweli kwa sababu tayari walikuwa watani.

Hata hivyo yafaa tuwe waangalifu. Utani una sharti, nalo ni kurudishiana. Mzaha wa mtani huenda na kurudi kama mpira. Mkubwa anayewatania walio chini yake huku wao hawawezi kumtania hafanyi utani, anatukana akitabasamu. Nimewaona viongozi wa namna hiyo, na wafanyakazi wao huwachekea usoni na kuwachukia moyoni.

La tatu ni salamu. Hakuna watu wasalimianao kwa urefu kama sisi. Twaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Lakini adabu yetu hutaka jibu la kwanza liwe jema. Mtu mwenye homa husema sijambo. Aliyefiwa usiku husema nzuri, kisha hunyamaza kidogo, kisha husema, “Ila...” Ukweli wote hukaa nyuma ya neno hilo dogo. Mimi nilikuwa nikiwasalimu wafanyakazi wangu kila asubuhi nikitembea, nikapokea “nzuri” thelathini, nikafika ofisini nikiwa sijui lolote. Baada ya kisa kile nilijifunza kusimama. Tuliweka desturi ya kukutana kwa dakika kumi chini ya mwembe wa uani kabla ya mashine kuwashwa. Sikuhutubia. Nilisalimu, nikangoja ile “ila”. Katika mwezi wa kwanza hakuna aliyesema kitu. Katika mwezi wa tatu mkerezaji mmoja akasema mtoto wake ana surua. Baada ya hapo watu wakaanza kuzungumza. Mchapaji wetu naye alikuja akaketi, kwa ombi langu. Kwa maana katika mabaraza ya zamani wanawake mara nyingi hawakupewa nafasi ya kusema, na hilo ni jambo la desturi zetu ambalo hatupaswi kulirithi. Tungalimsikiliza yeye siku ya Jumatatu, fundi angalimzika mama yake.

Nisingependa msomaji adhani kwamba jambo hili ni la tabia za mtu mmoja mmoja tu. Historia ya kazi katika mji wetu yafundisha vingine. Mwezi Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukawaambukiza wa reli na wengine hata bara. Walidai mishahara, na baadhi ya madai yao yalikubaliwa. Mwaka 1950 mgomo mwingine bandarini uliingia katika fujo, na chama chao kikavunjwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, waligoma kwa zaidi ya siku themanini. Katika migomo ile hapakuwa na mwembe wa kukutania: mwajiri alikaa upande mmoja wa rangi na sheria, na mfanyakazi upande wa pili.

Baada ya Uhuru zilijengwa njia za kusikilizana. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira ilileta kamati za wafanyakazi mahali pa kazi, na mwaka 1970 waraka wa Rais uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Kisha Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao pamoja na mengine ulikataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na maonevu. Yaliyofuata yastahili kufikiriwa sana na kila anayeandaliwa kuongoza. Katika miaka ya 1971 hadi 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa, hasa vya Dar es Salaam, walisimamisha kazi, na mara nyingi sababu haikuwa mshahara. Walilalamikia matusi, ubabe na dharau za mameneja. Mtu aliyeweza kuvumilia mfuko mtupu alishindwa kuvumilia kudharauliwa. Serikali nayo iliona uzalishaji ukiyumba, ikaikemea migomo, na wako waliofukuzwa kazi. Pande zote mbili zilipoteza, na mwanzo wake mara nyingine ulikuwa neno moja la meneja ambalo halikubebwa hadi kesho.

Siku hizi sheria ya ajira na mahusiano kazini, iliyotungwa mwaka 2004, inataka mfanyakazi apewe sababu ya haki na asikilizwe kabla ya kuachishwa kazi, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ambako mgogoro hupelekwa kwa msuluhishi kwanza. Hayo ni mema. Lakini sheria huanza kazi pale watu waliposhindwa kuzungumza. Haiwezi kumfanya msimamizi aketi mkekani.

Na jambo hili halijazeeka. Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao wakilalamikia namna kodi zilivyokuwa zikikusanywa, na hasa kikosi kazi kilichowaandama. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda sokoni, na tarehe 17 akakutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Wengi walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema kwa uchungu, mbele ya viongozi waliokuwa wameketi kusikiliza. Kikosi kazi kikasimamishwa, kamati ikaundwa, maduka yakafunguliwa. Nilipozisikia habari zile nilimkumbuka mzee wa bohari: mkubwa alitoka mezani akaenda walipo wenye malalamiko. Lakini mwezi Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na malalamiko ya kodi yalikuwa bado yamo. Ndipo nikaona kwamba kusikiliza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi baadaye kuuliza kama lililoahidiwa limetendeka. Nami katika karakana yangu nilijifunza hivyo hivyo. Mtu aliyesema “ila” akaachwa bila ya jibu hasemi tena mara ya pili, na ukimya wake wa pili ni mzito kuliko wa kwanza.

Walimu wataniuliza: je, kiongozi asikasirike kabisa? Mimi siamini hivyo. Kazi mbovu ni mbovu, na ekseli inayoachia barabarani huua watu. Kiongozi asiyekasirikia uzembe amekwisha kujiuzulu ingawa bado analipwa mshahara. Tena kuna wavivu wa kweli, na kuna telegramu za uongo. Nimezipokea baada ya hapo pia. Ila kati ya kukasirikia kazi na kumdhalilisha mtu kuna njia, na njia hiyo huanza kwa swali. Kama siku ile ningaliuliza, “Ndugu yangu, kiungo hiki si cha mkono wako, una nini?” ekseli ingalikuwa imevunjika vile vile, lakini ni hiyo tu ingalivunjika. Na kama Jumatatu ile ningaliuliza nani yuko na mama, huenda ningalikwenda karakana nyingine ya Gerezani kuazima fundi kwa siku mbili. Walikuwako. Sikufikiri kuwatafuta, kwa kuwa nilikwisha kujibu kabla ya kuuliza.

Mzee wa bohari amekwisha kufariki. Alipozikwa nilikwenda kama mtani wake. Nilibeba mchanga, nikadai nilipwe, nikawaambia jamaa zake mbele ya watu kwamba Mnyamwezi huyu alinifungia barua yangu bohari tangu mwaka 1981 na hata leo hajanipa risiti. Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda kando nikalia. Ufunguo wa lile kabati nilipewa nilipostaafu, nao ninao hadi leo. Haufungui kitu tena, maana karakana ile imebomolewa na mahali pake pamejengwa ghorofa la maduka. Lakini kila ninapoona neno kali linapanda kooni, mkono wangu huutafuta mfukoni.

Vijana mnaosoma haya, wengi wenu mtakuwa viongozi wa watu: wa darasa, wa zamu, wa idara, wa wilaya. Siku mtakapoandika barua kwa hasira, itieni bohari usiku mmoja. Na asubuhi, kabla ya kuifungulia, mwulizeni mtu yule habari za nyumbani, kisha ngojeni.